Kibali cha Greda na Katapila

Jumatatu, 10 Machi

Mvua ya kwanza ya masika imenikuta njiani nikitoka ofisini, na sikukimbia. Nimefika nyumbani nguo zimenigandama mwilini. Baba hakuniona. Alikuwa amechuchumaa jikoni karibu na mafiga, anamfuta kobe matope kwa kanga yangu.

Kobe tunao wawili. Dume ni Greda, jike ni Katapila. Kabla sijazaliwa Baba alikuwa dereva wa greda, wakichonga barabara kule Mnazi, chini kwenye joto, na siku moja aliwaona hawa wawili mbele ya bamba la mtambo wake. Mmoja alishakwaruzwa gamba. Kovu lipo mpaka leo. Wenzake walitaka kuwachemsha. Baba akawaficha chini ya kiti, akapanda nao mlima hadi hapa Malindi ya Lushoto, na hapa wamezeeka pamoja naye. Mama amefariki, kaka yangu Alen amehamia Mwanza, mimi nimekuwa katibu wa ofisi ya usharika, na kobe wako palepale, wanakula, wanalala, na siku za baridi wanaingizwa jikoni kama wageni.

Leo nikiwa kazini alikuja afisa wa wanyamapori kwa pikipiki. Baba anasema ni mwanamke, anaitwa Fatuma, mwenye adabu, alimwamkia kwanza ndipo akaeleza shida yake. Kwamba kobe ni mnyamapori, na mnyamapori ni mali ya nchi hata akilala jikoni kwako. Kwamba anayemfuga lazima awe na kibali. Kwamba kila kobe atadungwa kitu kidogo chini ya ngozi, chipu, chenye namba yake, ili ijulikane ni yupi na yuko kwa nani. Ukomo ni mwisho wa Mei. Baada ya hapo watachukuliwa, na aliyewafuga atajibu mahakamani.

Nilimuuliza Baba ofisi imejuaje habari za kobe wetu. Akasema kobe wa umri huu hawafichiki.

Mimi namjua aliyesema. Wiki iliyopita Katapila alipenya ua akala tuta zima la chainizi la jirani yetu, Mama Mbaraka, na Mama Mbaraka alisimama pale mpakani, mikono kiunoni, akasema iko siku.

Jumatano, 12 Machi

Tobia amepiga simu. Nimetoka nje kumsikiliza, maana ndani mtandao hauingii, nikasimama chini ya mikaratusi maji yakinidondokea shingoni.

Tobia ni fundi wa majokofu Tanga. Tulijuana alipokuja kutengeneza jokofu la chanjo la zahanati ya usharika. Alilitengeneza likapona, kisha akarudi mara mbili kulikagua jokofu lisilo na tatizo. Tangu Krismasi anataka jibu langu, nami jibu ninalo, ila halina mahali pa kupita. Nilishamwomba Baba ahamie nasi Tanga. Akauliza, kobe je? Nikasema tutakwenda nao. Akasema Tanga kuna magari mengi.

Kila Jumamosi mimi ndiye ninayechapa matangazo ya ndoa yatakayosomwa kanisani Jumapili. Nachapa majina ya wasichana niliowafundisha Sunday school. Siku hizi nikikaa kitini miguu inacheza yenyewe chini ya meza, hadi Mchungaji akaniuliza kama nina malaria.

Leo nimewaza jambo baya. Naliandika ili nilione vizuri. Nimewaza kwamba kama kobe wangechukuliwa, Baba angekuwa mwepesi kuhama.

Ijumaa, 14 Machi

Mvua. Paa la ofisi linavuja juu ya kabati la majalada.

Jumanne, 18 Machi

Nimempeleka Baba kwa mtendaji wa kijiji kuchukua barua ya utambulisho, kwa sababu bila barua hiyo maombi ya kibali hayapokelewi. Tumekaa kwenye benchi hadi matope ya viatuni yakakauka.

Mtendaji alituhudumia vizuri. Alipofika kwenye swali la mahali kobe walipopatikana, akaweka kalamu chini na kutushauri kwa wema kabisa. Alisema tuandike kwamba Baba aliwarithi kwa babu yake. Aliyerithi haulizwi mengi. Aliyemtoa mnyama porini mwenyewe amefanya kosa, na kosa la zamani bado ni kosa.

Mimi nilishatikisa kichwa kukubali.

"Andika niliwatoa Mnazi," Baba akasema.

Mtendaji akamweleza upya, polepole, kama mtu anayedhani mzee hasikii.

"Nimekuelewa, mwanangu. Babu yangu hakuwahi kuwaona kobe hawa. Andika Mnazi."

Njia nzima nilikuwa na hasira. Nilitembea mbele haraka, yeye nyuma na fimbo yake kwenye utelezi, hadi nikaona aibu nikasimama kumngoja. Alinifikia, akapumua, akaniambia mahindi ya watu wa bonde la chini yameota mapema mwaka huu. Ni mtu wa namna hiyo. Unamkasirikia, yeye anakuonyesha mahindi.

Jumamosi, 22 Machi

Nimefua. Hakuna kilichokauka.

Jumatatu, 31 Machi

Idi. Mama Mbaraka ameleta pilau kwenye bakuli kubwa la bluu, kama kila mwaka. Amekuja mwenyewe, kajitanda kanga mpya, akaamkiana na Baba kwa Kishambaa, wakacheka jambo ambalo sikulisikia. Nilimwamkia shikamoo, nikapokea bakuli, nikashukuru. Lakini niliwaza: ananichongea kwa serikali, halafu ananiletea nyama. Nilipotoka kwenda kazini, maana ofisi ya usharika haikufungwa, nikaibeba pilau yote, wakaila wenzangu ofisini. Mchungaji aliongeza mara mbili.

Jumatano, 9 Aprili

Greda hali tangu Jumapili. Puani anatoa mapovu, na akivuta pumzi anafungua mdomo na kunyoosha shingo kama anayetaka kusema neno likamkwama.

Daktari wa mifugo, Edgar, amepanda kutoka Lushoto mjini. Alikuwa aje kwa ajili ya maombi ya kibali tu, kuwapima uzito, kuwapiga picha gamba la tumboni na kukagua mahali wanapokaa. Imekuwa safari ya mgonjwa. Alimwekea sikio Greda, akamgeuza, akamdunga sindano, ndipo akauliza wanalala wapi. Baba akamwonyesha jikoni, kwa fahari kidogo.

Daktari alisema moshi unawaharibu mapafu. Hawa ni wanyama wa nyika kame, wanataka jua, hawataki moto wa kuni. Wajengewe banda lenye sakafu kavu mahali panapopata jua la mchana. Baba aliuliza, moshi huo umewaumiza tangu lini. Edgar akajibu kwa upole kwamba hawezi kujua. Baba akatoka nje, akasimama kwenye mvua.

Jua la mchana kwetu halifiki, mikaratusi inaliziba. Linaangukia upande wa Mama Mbaraka.

Kuhusu chipu, Edgar anasema zinaagizwa Arusha, na Greda hawezi kudungwa mpaka apone.

Alhamisi, 10 Aprili

Greda hali.

Jumamosi, 12 Aprili

Greda amekula jani moja la mchunga. Baba amenipigia simu ofisini kunieleza.

Jumatano, 16 Aprili

Nilidhani tumefika mwisho wa makaratasi. Barua ya mtendaji ipo, cheti cha daktari kipo, picha zipo, maelezo ya Baba kuhusu Mnazi yapo na hayajamfunga mtu bado. Jioni nilikaa mezani kukagua fomu kabla ya kuipeleka, nikakuta ukurasa ambao Baba alikuwa ameshaujaza kwa mwandiko wake mkubwa wa penseli.

Ukurasa unasema hivi: kwa kuwa kobe huishi miaka mingi kuliko mwenye kumfuga, mwombaji ataje mtu atakayewatunza wanyama hawa yeye asipokuwepo. Mtu huyo awe mtu mzima, mkazi wa kijiji hichohicho, na atie sahihi kwamba ataendelea kuishi hapo na kuwatunza. Wanyama hawatahamishwa bila kibali kingine.

Baba ameandika: Raheli Mika, binti yangu.

Nilimuuliza kwa nini hakuniambia. Akasema alidhani najua. Nikamwambia amweke Alen. Akasema Alen si mkazi. Nikamwambia nami sitakuwa mkazi. Hapo akaniangalia, akavua miwani.

"Utakwenda lini?"

"Sijui. Sijapanga. Lakini siwezi kutia sahihi kwamba sitakwenda."

Alikunja fomu akaiweka chini ya redio. Hakunibembeleza wala hakunikaripia, na ingekuwa rahisi zaidi kama angefanya moja kati ya hayo. Tumekula ugali na maharage. Katapila alikuwa anakwaruza ubao wa mlango, kwaru kwaru, anataka kutoka na nje mvua inanyesha. Nilitamani kumfungulia aende mpaka atakapochoka.

Ijumaa Kuu, 18 Aprili

Ibada ndefu. Baba hakuja. Anasema magoti.

Jumatatu ya Pasaka, 21 Aprili

Tobia alikuja juzi na alikuwa aondoke leo asubuhi, lakini kipande cha mlima kimeporomoka barabarani, magari hayapiti. Analala kwa Mchungaji.

Jana alikaa na Baba sebuleni baada ya ibada. Nilikuwa napika nikiwasikiliza kwa sikio moja. Walizungumza injini za greda za zamani, halafu majokofu, halafu kobe. Tobia alimwomba amwonyeshe kovu la gamba. Baba aliniambia baadaye kwamba mtu huyo ni mzuri, anasikiliza, na kutoka kwa Baba hiyo ni hotuba.

Leo tulitembea hadi mahali palipoporomoka kutazama vijana wakichimba udongo. Tobia akaniambia hatanilazimisha, ila amechoka kusimama kizingitini. Anataka tutangazwe kanisani kabla ya Pentekoste, au nimwambie hapana ajue. Nilimwambia habari za ukurasa ule. Akauliza kama Baba ana mtu mwingine. Nikamwambia hana.

Jumatatu, 28 Aprili

Barabara imefunguliwa. Ukungu.

Jumanne, 6 Mei

Afisa Fatuma amempigia Baba simu kumkumbusha. Fomu bado iko chini ya redio. Hakuna anayeigusa, na sote tunasikiliza taarifa ya habari tukiitazama.

Jumapili, 11 Mei

Mchana Tobia alipiga simu, mtandao mbovu, ikabidi niseme kwa sauti kubwa. Nilimwambia kobe hawa wamenifunga kamba miguuni. Nilimwambia nitazeekea hapa nikichapa ndoa za watu. Nilipogeuka nikamwona Baba upande wa pili wa ndoo ya maji, anasugua gamba la Katapila kwa brashi. Sijui alisikia kiasi gani. Aliendelea kusugua.

Jumanne, 13 Mei

Naandika nikiwa nimechoka lakini nikiacha mpaka kesho nitapanga maneno vizuri zaidi ya yalivyokuwa.

Asubuhi niliamka nikakuta jikoni kumefagiliwa. Kobe hawapo, lile tenga kubwa la kuvunia viazi halipo, Baba hayupo, na simu yake haipatikani. Nilizunguka nyumba nikiita kama mjinga. Mama Mbaraka alikuwa shambani kwake anapalilia. Akanyanyuka, akaniambia amemwona Baba alfajiri akipanda Fuso la viazi linaloshuka Mnazi, na tenga limefunikwa gunia. Alimuuliza anakwenda wapi, akajibu anakwenda kusalimia.

Sikujizuia. Nikamwambia, "Sasa umefurahi? Si ulitaka waondoke?"

Mama Mbaraka akaegemeza jembe kwenye ua, akanawa mikono kwenye dimbwi, akajifunga kanga kichwani. Alisema hatuna haja ya kugombana huku mzee yuko njiani peke yake, nikatafute pikipiki mbili.

Hatujafika mbali simu yangu ikaita. Ilikuwa namba ya Baba na sauti ya mwanamke. Aliuliza kama mimi ni Raheli, akajitambulisha kuwa Fatuma wa wanyamapori, akasema Baba yuko kwenye kituo chao cha ukaguzi karibu na Mnazi, mzima, ila amekamatwa akiwa na wanyama wasio na kibali.

Njia ya kushuka Mnazi inakuvua baridi kidogo kidogo. Juu tulikuwa na ukungu na matope; chini vumbi lilikuwa linanuka joto na miiba. Nilishuka kwenye pikipiki. Baba alikuwa kwenye benchi ya mbao kivulini, sweta lake kapakata, tenga miguuni. Kobe walikuwa wametoa vichwa nje. Sijawahi kuwaona wamechangamka vile. Greda, aliyekuwa akitoa mapovu mwezi uliopita, alikuwa anapanda ukuta wa tenga.

Nilimwamkia. Nilitaka kumuuliza ana wazimu gani, nikashindwa. Akasema, kama anayeeleza jambo la kawaida, "Niliwatoa huku. Nilikuwa nawarudisha."

Fatuma alitupatia viti. Ni mwanamke wa rika langu, sare zimepigwa pasi, uso mkavu wa mtu aliyezoea kudanganywa. Alieleza bila kupandisha sauti. Kumsafirisha mnyamapori bila kibali ni kosa. Na kumwachia porini kobe aliyekaa na watu maisha yote ni kosa pia, tena baya zaidi, kwa sababu Greda ameugua mapafu na anaweza kuwaambukiza kobe wote wa porini. Kwa hiyo hawawezi kwenda mbele wala kurudi nyuma. Kama maombi hayajakamilika, leo hii atawachukua, na gari la kuwapeleka kituo cha wanyama wanaotaifishwa litapita mchana.

"Kilichonizuia nisimweke mzee ndani," akasema, "ni kwamba alikuja ofisini kwetu mwenyewe. Februari. Alisikia tangazo redioni, akaja Lushoto kwa miguu yake kusema anao kobe. Hatujapata mtu wa namna hiyo kabla. Wengine wote huwa wanachongewa."

Februari Baba aliniambia anakwenda kliniki ya presha.

Mama Mbaraka alikuwa ameketi pembeni yangu, begani kwangu kabisa, na alisikia. Sikuweza kugeuza shingo.

Nikasema fomu ninayo. Kweli nilikuwa nayo. Asubuhi niliichomoa chini ya redio nikaitia kwenye mkoba bila kujua kwa nini. Nikaifungua kwenye ule ukurasa, nikaomba kalamu. Sikufikiri lolote, wala Tobia sikumfikiria. Nilikuwa namwona mzee na sweta lake tu.

Baba akaweka kiganja chake juu ya karatasi.

"Usitie."

"Baba, watawachukua."

"Wawachukue. Nimewaleta huku ili usitie. Ukitia sasa, nilishuka mlima wote huu kwa ajili gani?"

Nilivuta karatasi, yeye akaibana. Tulikuwa kama watoto wawili wanaogombania daftari. Fatuma alitazama pembeni. Nilianza kulia, na Baba aliniacha nilie lakini kiganja hakukiondoa.

Ndipo Mama Mbaraka akauliza, kwa sauti ileile anayouliza bei ya mbolea, kama sheria inasema huyo mtunzaji lazima awe mtoto wa mwenye kobe.

Fatuma akasoma ukurasa. Akasema haisemi hivyo. Inasema mtu mzima, mkazi wa kijiji, anayekubali.

"Basi mimi ni mkazi. Nimezaliwa Malindi na nitazikwa Malindi, wala sina safari. Na hao wamekula chainizi zangu tangu nilipoolewa. Wananijua."

Baba akamwambia kwa Kishambaa afikirie kwanza, ni mzigo. Yeye akamjibu kwa Kishambaa kwamba ameshafikiria kwenye pikipiki, pale kwenye ile kona mbaya. Kisha akarudi kwenye Kiswahili ili Fatuma naye asikie, akataja sharti lake: banda lijengwe upande wake wa ua, kwenye jua alilosema daktari, na liwe na ukuta imara. Hataki kuona kobe katika tuta lake tena mpaka Baba afariki.

Baba akaondoa kiganja.

Fatuma akakata jina langu kwa mstari mmoja. Juu yake Mama Mbaraka akaandika, herufi moja moja, Zakia Zuberi, na kutia sahihi. Baba akapewa onyo la maandishi kwa kosa la kusafirisha, akalisoma lote, akalikunja akaliweka mfukoni mwa shati. Tukapewa ruhusa ya siku moja ya kuwarudisha kobe nyumbani, na gari la ofisi likatupandisha.

Kadiri tulivyopanda, kobe walirudisha vichwa ndani, na Baba alikunjua sweta akawafunika.

Jumatano, 14 Mei

Nimekwenda kwa Mama Mbaraka kabla ya kazi. Alikuwa anakamua mbuzi. Nilimwamkia, nikamwambia nimekuja kuomba radhi kwa kumdhania vibaya. Hakuniuliza ni kwa lipi. Alimaliza kukamua kwanza.

Alisema alijua tangu Idi. Mchungaji alikutana naye sokoni akamshukuru kwa pilau.

Nilitamani ardhi inimeze. Yeye alicheka mpaka akashika ubavu wa mbuzi. Halafu akaacha kucheka, akaniambia kwamba mama yangu alipokuwa anaumwa, mimi nikiwa shule ya bweni, Baba alikuwa akija kila asubuhi kuwachotea maji yeye na mumewe Zuberi, kwa sababu mumewe naye alikuwa kitandani na watoto walikuwa wadogo. Alibeba ndoo za nyumba mbili. Hakulisema popote. "Kwa hiyo usidhani nimekufanyia wewe," akasema. "Wewe nenda zako."

Miaka yote nimemwona kama sauti ya kulalamika nyuma ya ua. Mtu unaweza kukaa naye ukuta kwa ukuta na usijue ni nani.

Jumamosi, 17 Mei

Kumepambazuka bila mvua. Mbao zimefika.

Alhamisi, 22 Mei

Banda limekwisha. Baba na Mama Mbaraka wamebishana siku nzima mlango utazame wapi. Mama Mbaraka ameshinda.

Jumanne, 27 Mei

Wamekuja pamoja, daktari Edgar na afisa Fatuma. Jua lilikuwa kali tangu asubuhi, majani yanatoa mvuke, na milima ya ng'ambo imeonekana mpaka miti yake.

Edgar alituonyesha chipu kabla ya kuidunga. Ni punje ya mchele, si zaidi. Alianza na Katapila. Baba ndiye aliyemshika, mguu wa nyuma wa kushoto umevutwa nje ya gamba, na alikuwa anamsemesha Kishambaa kama mtu anayemshika mtoto kwenye chanjo. Sindano ni nene, niligeuza uso. Katapila alipiga mguu mara moja basi. Edgar akaziba tundu kwa gundi, akasema ngozi ya kobe haijifungi upesi kama yetu. Greda alipuliza pumzi kwa nguvu, akavikojolea viatu vya daktari, na Mama Mbaraka akasema huyo amepona.

Fatuma akapitisha mashine ya kusomea juu ya miguu yao. Ikalia, namba ikatokea, akaisoma kwa sauti na kuiandika kwenye kibali. Baba aliomba arudie. Akarudia. Nilimwona anafuatisha kwa midomo, kama anajifunza jina jipya la mtu wa siku nyingi.

Tulidhani kazi imekwisha. Baba akakunja mkono wa sweta hadi kwenye kiwiko, akamnyooshea Fatuma mkono wake mkavu.

"Na mimi nipime."

Fatuma alimtazama aone kama ni utani. Baba hakuwa anacheka. Basi naye hakucheka. Akapitisha mashine juu ya mkono wake taratibu, kutoka kiwiko hadi kiganja, akarudi tena, kwa uangalifu uleule aliofanya kwa Katapila. Tulisogea wote kusikiliza. Mashine haikulia.

"Hakuna kitu hapa, mzee," akasema. "Huna mwenyewe."

Baba akashusha mkono wa sweta, akaufunga kifungo.

"Hongea," akamshukuru. Kisha akamgeukia Mama Mbaraka. "Desemba nataka kwenda Tanga, nikakae kwa Raheli mpaka mwaka mpya. Utakuwepo?"

Mama Mbaraka alisema atakuwepo, aende wapi.

Tobia nilikuwa bado sijamjibu. Nilikwenda nyuma ya nyumba, kwenye mikaratusi, ambako mtandao unaingia, nikampigia.